Bakuli la sadaka la Kaizari Qianlong: Chombo cha fukara kilichochongwa kwa kito

MIONGONI mwa vito vilivyorundikwa katika kasri za makaizari wa Uchina, kipo chombo kimoja ambacho, kwa kuifuata sheria ya dini iliyokizaa, hakikufaa kamwe kutengenezwa.

Ni bakuli la mviringo, lenye tumbo pana na mdomo uliojikunja kidogo kuelekea ndani. Limechongwa kwa jiwe la thamani liitwalo jade, la rangi ya kijani iliyokolea mithili ya mchicha uliopikwa, lenye vitone vyeusi hapa na pale. Ubavuni mwake wameketi Mabuddha saba, na maandishi ya kidini yamechorwa kulizunguka.

Mabakuli ya namna hiyo yalichongwa kwa amri ya Kaizari Qianlong, wa ukoo wa Qing, aliyekitwaa kiti cha enzi mwaka 1735 na kukiacha kwa hiari mwaka 1796. Alikuwa mmoja wa watu matajiri kupindukia wa zama zake. Umbo alilolichagua, hata hivyo, ni la bakuli la kuombea riziki.

Msomaji wa Pwani aliyeyaona mabakuli ya Kichina yaliyopachikwa katika kaburi la mnara kule Mambrui asije akavichanganya vitu hivi viwili. Yale ya Mambrui ni ya kauri, yaani udongo uliofinyangwa na kuchomwa tanuuni, na yalivushwa baharini kwa wingi kama bidhaa. Jade haifinyangwi wala haichomwi. Ni jiwe, na kila bakuli hutolewa ndani ya mwamba wake kwa kulisaga polepole hadi kisichotakiwa kiishe.

Mali ya asiye na mali

Kwa mtawa wa Kibuddha, bakuli ni mojawapo ya vitu vinane tu ambavyo desturi inamruhusu kuvimiliki. Vingine ni mavazi yake matatu, mshipi, wembe, sindano na kichujio cha maji. Kila asubuhi hulibeba akapita kimya mlango baada ya mlango. Hasihi wala hachagui. Atakachotiwa ndicho atakachokula, na jua likishapita utosini hagusi tena chakula hadi siku ya pili.

Sheria za watawa, zijulikanazo kama Vinaya, zinalizungumzia bakuli hilo kwa makini ya kustaajabisha. Bakuli likipasuka, mwenyewe sharti alizibe. Haruhusiwi kuomba jipya hadi lile la zamani liwe na viraka vitano.

Aidha, zinataja waziwazi kinachofaa kulitengenezea na kisichofaa. Kisa chake kinasimulia kwamba tajiri mmoja wa mji wa Rajagaha, nchini India, alichongesha bakuli la msandali, akalitundika juu ya mianzi mirefu na kutangaza kwamba mtakatifu yeyote mwenye karama alishushe na liwe lake. Mtawa Pindola Bharadvaja akapaa angani, akalitwaa. Umati ulimshangilia kwa kelele.

Buddha hakushangilia. Alimkaripia Pindola kwa kuionyesha karama yake kwa ajili ya kijichombo cha mti, akaamuru bakuli lile livunjwevunjwe na vipande vyake wagawiwe watawa wavisage kutilia dawa ya macho. Kisha akapiga marufuku mabakuli ya dhahabu, ya fedha, ya vito, ya zabarajadi, ya bilauri, ya shaba, ya kioo, ya bati na ya risasi. Yaliyoruhusiwa ni ya aina mbili pekee, ya chuma na ya udongo.

Vito, basi, vilikatazwa tangu awali. Mwenye kutaka kulielewa bakuli la Qianlong hana budi kulianzia hapo, maana Kaizari huyu hakuwa mjinga wa dini. Alisomeshwa Ubuddha wa Kitibeti na mwanachuoni mashuhuri, Changkya Rolpai Dorje (1717–1786), na picha kadhaa zilizochorwa katika kasri lake zinamwonyesha akiwa katika vazi la kitawa, mithili ya Manjushri, kiumbe mtukufu wa hekima katika imani hiyo. Marufuku ya Vinaya hayakumfunga kwa kuwa yeye hakuwa mtawa, na bakuli lake halikukusudiwa kutiwa wali.

Lilikusudiwa kuwa kumbukumbu ya bakuli jingine.

Bakuli lililowashinda tembo

Masimulizi ya Kibuddha yanaeleza kwamba Buddha alipoipata nuru hakuwa na chombo chochote. Wafanyabiashara wawili waliokuwa safarini, Trapusa na Bhallika, walimletea chakula, naye hakuwa na pa kukipokelea. Ndipo wafalme wanne wa mbinguni, walinzi wa pande nne za dunia, walipomjia, kila mmoja na bakuli lake la jiwe. Ili asimwudhi yeyote, aliyapokea yote manne, akayapachika moja ndani ya jingine na kuyabana yakawa moja. Inasemekana kingo nne zilibaki zikionekana mdomoni mwake.

Bakuli hilo lilikuja kuheshimiwa kama masalio matakatifu. Faxian, mtawa wa Kichina aliyeanza safari ya miguu kwenda India mwaka 399, aliandika kwamba alilikuta Purushapura, mji uitwao leo Peshawar, nchini Pakistan. Alilieleza kuwa la rangi mchanganyiko iliyoelekea weusi, lenye kingo nne zilizobainika. Alisimulia pia habari za mfalme mmoja mshindi aliyetaka kulihamisha. Alilipandisha juu ya tembo, tembo akapiga magoti asiweze kwenda. Alitengeneza gari la magurudumu manne na kulifungia tembo wanane, nao wakashindwa. Mfalme akasalimu amri, akajenga nyumba ya watawa papo hapo.

Katika maelezo yake mna jambo lenye kugusa kuliko la tembo. Maskini, anasema Faxian, walitia maua machache tu bakuli likajaa. Matajiri walileta maua kwa maelfu ya vipimo lisijae.

Mahali lilipo bakuli hilo hapajulikani. Mjini Kabul, katika Makumbusho ya Taifa ya Afghanistan, lipo bakuli kubwa la jiwe lililowekwa awali Kandahar, lenye petali za yungiyungi zilizochongwa kitakoni na, juu yake, mistari ya maandishi ya herufi za Kiarabu iliyoongezwa na Waislamu walioliheshimu baadaye. Wapo wanaodai kwamba ndilo. Upana wake ni zaidi ya mita moja u nusu, na ni vigumu kuamini kwamba kuna mtu aliyewahi kupita nalo mlango kwa mlango.

Wachina nao walikuwa na lao. Katika mji wa Suzhou, kusini mwa nchi hiyo, hekalu la Kaiyuan lilitunza bakuli lililoaminika kuwa la Buddha. Mshairi Pi Rixiu, wa karne ya 9, aliandika kwamba wavuvi waliliokota ufuoni katika karne ya 4. Wakidhani ni kinu, walilitilia kitoweo cha nyama. Mara sura ya Buddha ikatokeza ubavuni mwake, nao kwa hofu wakalipeleka hekaluni.

Mwaka 1757, akiwa katika mojawapo ya ziara zake za kusini, Qianlong alifika katika hekalu hilo na kulitazama bakuli hilo. Alipenda mno vitu vya kale, na alipenda vilevile kuvifanyia uchunguzi, kuvitungia mashairi na kuvitolea nakala. Kutokana na bakuli la Suzhou, warsha zake zilianza kuchonga mabakuli ya jade yenye umbo lile lile, yakizungukwa na Mabuddha saba na maandishi yanayowahusu.

Saba hao ni Vipashyin, Shikhin, Vishvabhu, Krakucchanda, Kanakamuni, Kashyapa na Shakyamuni. Huyo wa mwisho ndiye Buddha wa kihistoria, na sita wengine ni wale ambao imani hiyo inasema walimtangulia katika enzi zilizopita.

Jiwe lisilokatwa kwa kisu

Jade iliyotumika ni ya aina iitwayo nefriti. Katika kipimo cha Mohs cha ugumu wa madini, kiendacho kutoka 1 hadi 10, nefriti hufikia 6 hadi 6.5, ilhali kisu cha kawaida cha chuma hufikia takriban 5.5. Kisu hakiachi alama juu yake. Ukaidi wake hasa, hata hivyo, hautokani na ugumu huo. Ndani yake mna nyuzi ndogo mno za madini zilizosokotana kama ukili uliosukwa, na ndizo zinazoifanya isipasuke hata inapopigwa nyundo.

Fundi wa jade, kwa hivyo, hakati. Anasaga. Mafundi wa Kichina waliketi nyuma ya kerezo lililoendeshwa kwa kukanyaga kwa miguu, likizungusha kisahani cha chuma. Chuma chenyewe hakikuwa na kazi ila kubeba uji wa maji na mchanga mgumu uliosagwa, na mchanga huo ndio uliolila jiwe. Mkono mmoja ulilishika jiwe, mwingine ukilishwa mchanga. Kulitoboa na kulikomba bakuli ndani, ambako jicho halifiki vyema, kulitaka keekee na ncha za maumbo mbalimbali, na subira isiyoweza kuhesabiwa kwa siku. Kosa moja dogo karibu na mdomo lilitosha kuipoteza kazi yote, kwani jade iliyokwisha kuondolewa hairudi.

Kisha ilifuata kazi ya kung'arisha, kwa unga laini zaidi na zaidi, hadi jiwe lilipopata mng'ao wa mafuta ambao Wachina wanauthamini kuliko kumeta kwa almasi.

Michoro ilitayarishwa Beijing, katika warsha za kasri zijulikanazo kama Zaobanchu. Kaizari aliikagua, akaikubali au akaagiza irekebishwe. Kazi ilifanyika humo humo, au jiwe lilipelekwa Suzhou na Yangzhou, miji iliyokuwa na mafundi hodari kuliko yote. Wengi wa mafundi wa kasri wenyewe walitoka Suzhou.

Jiwe lenyewe lilitoka mbali. Jade bora ilipatikana Khotan na Yarkand, katika eneo la Xinjiang, ambako mito inateremka kutoka milima ya Kunlun. Kabla ya 1759 eneo hilo halikuwa chini ya Qing, na mawe yalifika Beijing kwa uchache. Mwaka huo majeshi ya Qianlong yalikamilisha kuliteka, na punde mawe yakaanza kuletwa kama kodi, msimu wa machipuo na wa vuli. Wingi wa jade katika mkusanyo wake ni tunda la vita hivyo. Watu huyatazama mabakuli haya kama kazi ya ibada, na ni kweli, lakini bila ya ushindi wa 1759 pasingekuwa na mawe ya kutosha.

Gharama waliibeba wenyeji. Mwaka 1778 ilifichuka kwamba Gao Pu, afisa mwandamizi wa Qing huko Yarkand na mpwa wa mke mmoja wa Kaizari, aliwakusanya wenyeji zaidi ya 3,000 kuchimba jade mlimani kwa nguvu, kisha akawa anaisafirisha kwa magendo kwenda kuuzwa Suzhou. Mlalamishi alikuwa kiongozi wa wenyeji wenyewe. Qianlong aliamuru Gao Pu auawe. Undugu haukumwokoa. Ikumbukwe, hata hivyo, kwamba uchimbaji wa kulijaza kasri uliendelea.

Ukubwa wa pato hilo waonekana katika mlima wa jade uliopo hadi leo katika Makumbusho ya Kasri mjini Beijing, unaoonyesha mfalme wa kale Yu akizuia mafuriko. Una kimo cha mita 2.24 na uzani wa zaidi ya tani tano. Kulivuta jiwe lake kutoka Xinjiang kulichukua miaka mitatu, na mafundi wa Yangzhou walimaliza kulichonga mwaka 1787. Kando yake, bakuli la kubebwa kwa mikono miwili ni kitu kidogo.

Dini na dola

Mbona basi Kaizari akatamani chombo cha ombaomba? Imani yake haipasi kutiliwa shaka. Hata kuta za kaburi lake zimechongwa maandishi ya Kibuddha kwa herufi za Kitibeti na za Kihindi. Lakini alitawala pia Wamongolia, na alihitaji utulivu huko Tibet, na mataifa hayo mawili yaliwatii malama kuliko magavana. Panchen Lama wa sita alialikwa mwaka 1780 kuhudhuria sherehe za Kaizari kuingia mwaka wa 70 wa umri, akapokewa kwa taadhima kubwa. Alifia Beijing mwaka huo huo kwa ndui.

Lipo na jambo jingine. Katika Ubuddha wa Kichina, bakuli na joho la mwalimu vilikuwa alama ya urithi. Mwalimu wa madhehebu ya Chan alimkabidhi mwanafunzi aliyemteua vitu hivyo viwili, na hadi leo neno la Kichina la "joho na bakuli" humaanisha elimu irithishwayo. Kaizari aliyemiliki bakuli lifananalo na la Buddha, lenye safu nzima ya Mabuddha saba, alijiweka mwenyewe karibu na safu hiyo.

Wala hakuacha kuweka alama yake. Qianlong anahesabiwa kuwa na mashairi zaidi ya 40,000, na mengi aliyachoresha juu ya vyombo, vya kale na vipya. Wataalamu wengine wamemlaumu kwa kuvitia makovu vitu vilivyokuwa na karne nyingi kabla yake. Katika mabakuli ya jade lawama hiyo haina nguvu, kwani yalitengenezwa kwake.

Kutawanyika

Qianlong alifariki mwaka 1799. Mwanawe, Jiaqing, alikuta hazina imekaukiwa na maasi yamezagaa. Aliamuru mawe makubwa ya jade yaliyokuwa yakivutwa kutoka Xinjiang yaachwe hapo hapo yalipofika njiani. Enzi ya kazi kubwa za jade ilikatika kwa amri hiyo.

Pigo kwa mkusanyo wenyewe lilikuja mwaka 1860, wakati wa Vita vya Pili vya Kasumba. Mapema Oktoba, majeshi ya Ufaransa na Uingereza yaliingia Yuanmingyuan, kasri la kiangazi lililokuwa nje kidogo ya Beijing, na kulipora kwa siku kadhaa. Waingereza walizinadi ngawira miongoni mwao wenyewe na kugawana pesa kulingana na vyeo. Mnamo Oktoba 18, kwa amri ya Lord Elgin, kasri lilianza kuteketezwa kwa moto, kulipiza kisasi kwa mateka waliofia mikononi mwa Wachina. Sehemu ya vitu vya Wafaransa ilimfikia Malkia Eugénie, aliyevifungulia jumba maalumu huko Fontainebleau mwaka 1863.

Vilivyosalia ndani ya Mji Uliokatazwa navyo vilitangatanga. Kaizari wa mwisho, Puyi, alifukuzwa humo Novemba 1924, na mwaka uliofuata kasri likafunguliwa kuwa makumbusho ya umma. Japani ilipotishia kaskazini, mwaka 1933 makasha zaidi ya 13,000 ya makumbusho hayo yalipakiwa katika magarimoshi kuelekea kusini, yakakwepa vita kwa zaidi ya miaka kumi. Mwishoni mwa miaka ya 1940, karibu makasha 3,000 yalivushwa hadi Taiwan, na tangu mwaka 1965 vitu vyake huonyeshwa mjini Taipei. Mkusanyo mmoja ukawa na nyumba mbili na serikali mbili, achilia mbali vipande vilivyo mikononi mwa makumbusho na matajiri wa Ulaya na Marekani.

Kwa muda mrefu wauzaji wa Ulaya walijivunia kuandika kwamba kitu kimetoka kasri la kiangazi, maana maneno hayo yalikipandisha bei. Siku hizi maneno hayo hayo huzua ubishi. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 1970 kuhusu urithi wa kitamaduni ulioibwa haurudi nyuma hadi 1860, kwa hivyo Uchina haina mahakama ya kuikimbilia, ila shinikizo na pesa. Vichwa viwili vya shaba vya Yuanmingyuan, cha panya na cha sungura, vilivyonadiwa Paris mwaka 2009 huku Uchina ikilalamika, vilirudishwa mwaka 2013 na tajiri wa Kifaransa François Pinault kama zawadi. Bei nazo zimepaa: mhuri wa jiwe wa Qianlong uliuzwa Paris Desemba 2016 kwa takriban Euro milioni 21. Machi 2015 wezi walivamia jumba la Fontainebleau na kutoweka na vitu kadhaa kwa muda wa dakika chache.

Kwa bei za namna hiyo, vya kughushi havikosi. Njia mojawapo ya kulitambua bakuli la kweli ni daftari za warsha za Zaobanchu, ambazo zimehifadhiwa Beijing hadi leo. Zinataja siku ya agizo, jina la towashi aliyelipeleka, kitu kilichotakiwa, na masahihisho ambayo Kaizari aliamuru yafanywe. Aliyeketi nyuma ya kerezo na kulisaga jiwe hutajwa humo kwa nadra.